Benchi la Jumatano

Wapo wanaoamini kwamba mke wa mchungaji hana wivu. Wanadhani siku ile tuliyowekewa mikono kanisani, wivu ulitolewa mwilini kama jino bovu. Mimi nina wivu tangu nikiwa msichana, ninao hata sasa ninapoandika, na sioni sababu ya kuuficha. Mungu mwenyewe hakuuficha wake. Mume wangu, ambaye ndiye mchungaji wa parokia yetu hapa Kisangani, hucheka nikisema hivyo mbele ya wageni, halafu huwauliza wageni habari za safari.

Kanisa letu liko upande wa maporomoko, juu kidogo ya nyumba za wavuvi, na sisi tunakaa nyuma yake. Mimi ni mtoto wa hapo hapo. Babu zangu walisimika miti mikubwa katikati ya mawe ya mto, wakaning'iniza mitego yao, na maji yakawalisha. Mume wangu ni mtu wa msituni, wa barabara ya Bafwasende. Mpaka leo akipanda mtumbwi anashika kingo zote mbili na kufumba macho. Nilimpenda hivyo hivyo, na kaka zangu walimcheka wakachoka.

Mto wetu hupanda kila mwaka. Tunaujua. Tunahamisha kuku na magodoro, tunakaa kwa jamaa, tunangoja, unashuka, tunarudi kukwangua matope. Mwaka huo haukufuata desturi. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu wakati ambao si wa mvua, ikaendelea, na mto ukafika mahali ambapo wazee wetu hawakuwahi kuuona. Nyumba za udongo zililainika kama biskuti ndani ya chai. Miti ya mitego, ile ambayo mtu anarithi kwa baba yake, ilivunjika na kwenda na maji. Watu walipanda kwetu na mikeka, sufuria, mbuzi na wagonjwa wao, wakalala kati ya mabenchi ya kanisa.

Katika siku hizo za mwanzo mdogo wangu wa kiume alikuja, akasimama mlangoni pa jikoni, suruali imekunjwa mpaka magotini. Nilikuwa nasonga lituma, ndizi zetu za kupondwa, kwa ajili ya watu wote wale, ndizi zimenifika mpaka kwenye viwiko.

"Yaya," aliniambia, kama tunavyowaita dada wakubwa, "ukingo imeenda. Na mama ameenda nayo."

Mama yetu alikuwa amekufa miaka kadhaa kabla, kwa ugonjwa wa damu kupanda. Tulimzika ukingoni, mahali ambapo familia yetu huzika watu wake, juu ya mawe, ambapo maporomoko yanasikika vizuri. Kaka zangu walimwekea kingo za saruji. Kwetu binti ndiye hufagia kaburi la mama yake, na mimi nilikwenda kila nilipopata nafasi, na ufagio wangu na kijiti cha kuchimbua majani. Nikimaliza kufagia nilikaa chini na kumpa habari. Pale nilisema mambo ambayo mke wa mchungaji hawezi kuyasema popote. Nilimsema mama mkwe. Nilimsema mzee wa kanisa anayelala wakati wa mahubiri kisha anatoa maoni juu ya mahubiri. Nilisema siku ambazo sikuwa na imani hata ya kuwashia moto. Mama hakuwahi kumwambia mtu.

Nilikwenda kuona. Palikuwa na ukuta wa udongo mwekundu uliokatika, mizizi ikining'inia, na chini yake maji ya kahawia yakizunguka. Sikuona hata kipande cha saruji. Nilikuwa nimebeba ufagio, sijui kwa nini.

Niliporudi mume wangu alikuwa anapakia mikeka kwenye mkokoteni, kwa sababu shule ya jirani ilikuwa imekubali kupokea familia nyingine. Nilimwambia kaburi la mama limekwenda na maji. Alisimama kidogo. Alinitazama vizuri, siwezi kumsingizia. Kisha akasema, "Mama ya batoto, mama yako haiko kule. Eko kwa Bwana. Sasa saidia miye kubeba hii."

Nikashika upande mmoja wa mzigo, tukabeba. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu juu ya jambo hilo, na kwa miezi mingi hayakuwa na nyongeza.

Maji yaliposhuka, wachungaji wa makanisa mbalimbali waliitwa kwenye semina huko Makiso, katikati ya mji. Mwalimu mmoja wa teolojia aliwafundisha namna ya kuwachunga watu waliojeruhiwa na mambo kama haya, mafuriko, miporomoko ya udongo, jua linalounguza mashamba. Mume wangu alikwenda amenuna, kwa sababu alikuwa na kazi nyingi. Alirudi amegeuka. Hata namna ya kuketi ilibadilika. Zamani alikuwa akifika kwa mfiwa anabaki amesimama, anafungua Maandiko, anasoma, anaomba, anakwenda. Sasa alikuwa anakaa chini, kwenye mkeka au kwenye matope, na kunyamaza mpaka mwenye shida aanze mwenyewe. "Tunasindikiza," aliniambia akila, macho yanang'aa. "Hatuendi mbele ya mutu, hatumusukume. Tunamusindikiza." Nikamwongezea mboga. Nilifikiri jinsi alivyokuwa akiwasindikiza watu wote mpaka barabarani, wakati mimi aliniacha pale kwenye mkokoteni.

Lakini lazima niseme kwamba alikuwa hodari. Wivu haunifanyi kipofu. Kanisa moja si mbali na kwetu lilikuwa linahubiri kwamba gharika imekuja kwa sababu ya dhambi za wavuvi na mambo yao ya mababu. Watu wetu walikuwa wanarudi kutoka huko wameinamisha vichwa, wamepoteza nyumba na sasa ni wenye hatia pia. Mume wangu alisimama akasema mto hauna hasira na mtu. Akasema dunia imechoshwa, misitu inakatwa, joto linaongezeka, mvua zimepoteza njia, na waliofaidika na hayo hawakai maporomokoni. Akasema Mungu hakuwa mbinguni akimwaga maji kwa ndoo. Alikuwa pamoja nasi kwenye paa, analowa. Mzee mmoja mvuvi alilia kwa sauti. Na mimi nilijivuna, nikatazama kushoto na kulia watu waone kwamba huyu ni wangu.

Siku nyingine mvua ilianza katikati ya ibada. Mvua ya kawaida tu, ilipiga mabati. Watu wote waliinuka. Hakuna aliyepiga kelele. Walisimama wakitazama mlango, akina mama wamekwisha kufunga watoto mgongoni. Mume wangu aliacha mahubiri katikati ya neno, akashuka, akaenda kukaa kati yao kwenye benchi la nyuma, karibu kabisa na mlango. Baadaye mmoja mmoja akaanza kukaa. Tulikaa hivyo, tunasikiliza mvua pamoja na mchungaji wetu, mpaka ikapita. Nilikuwa mbele, mahali pa mke wa mchungaji, peke yangu kwenye benchi refu, nikitazama mimbari tupu.

Ndipo akaingia katika habari zetu mama mmoja.

Nasema hivyo kwa sababu mume wangu ndivyo alivyosema. Semina ilikuwa imewafundisha kutunza siri za watu, kwa hiyo hakutaja jina. Alisema, "Mama mmoja wa mtoni aliniambia." Jumapili iliyofuata, "Yule mama mmoja aliniuliza tena." Mezani, "Leo mama mmoja amenifikirisha." Mimi nyumbani nikamwita Mama Mmoja, kama vile ndilo jina la ubatizo wake, na watoto wakashika. Nilimjua, bila shaka. Hapa kwetu siri ya mtoni hukaa mpaka saa sita mchana. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, anakausha samaki kwa moshi na kuwauza kwa wafanyabiashara wa Kivu wanaopeleka ndani ya mji. Maji yalikuwa yamechukua nyumba yake, tanuri lake la kukaushia na nguruwe wake.

Nguruwe! Nisamehewe, lakini nilihesabu hivyo. Nyumba inajengwa tena, tanuri linajengwa tena, na nguruwe anazaa wengi. Mama yangu mimi atajengwa na nani?

Swali lililomfanya awe maarufu ni hili. Baada ya yale mahubiri ya Mungu kulowa pamoja nasi, alimfuata mume wangu na kumwambia, "Pasteur, kama si Mungu njo alituma maji, juu ya nini tunamuombaka azuie?" Mume wangu alirudi nyumbani na swali hilo kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani. Alilizungusha wiki nzima. Alimpigia simu mwalimu wa semina. Alihubiri juu yake, akakiri mimbarini kwamba hana jibu kamili, kwamba pengine sala si kamba ya kumvuta Mungu bali ni kumwita aketi nasi. Watu walisema hawajasikia mahubiri kama hayo.

Swali hilo mimi nilikuwa nimemwuliza. Karibu kwa maneno hayo hayo, nikimenya ndizi, katika wiki ile watu walipokuwa wamelala kanisani. Alikuwa anaonja mchuzi. Alisema, "Chumvi haijafika."

Kwa hiyo roho iliniuma. Haikuwa kwamba nawashuku kwa lile jambo ambalo wake wengine hulishuku. Ningalipenda hata hilo, kwa sababu lina dawa zake na mashangazi wa kulishughulikia. Nilimwonea wivu kwa masikio ya mume wangu. Nilimwona akienda kwake na kukaa kwenye kigogo karibu na tanuri jipya, kichwa kimeinama upande mmoja, anasikiliza. Nilikuwa nimepita na toleka, baiskeli ya abiria, nikienda sokoni, nikamwambia kijana apige pedali haraka.

Kisha ikaja ile Jumapili ya mahubiri juu ya maneno ya faraja. Mume wangu aliwaambia watu kwamba tuna tabia ya kufunika jeraha kabla ya kulisafisha. "Mtu anakuja na uchungu wake," alisema, "nasi tunamwambia haraka: marehemu yuko kwa Bwana. Ni kweli yuko kwa Bwana. Lakini ukisema hivyo kabla hujamsikia, umemfunga mdomo kwa jina la Bwana." Watu wakaitikia amina. Mashemasi wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikakaa kwenye lile benchi refu la mbele, nikimtazama usoni, nikingoja macho yake yakutane na yangu na akumbuke mkokoteni. Macho yake yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya saa ya ukutani. Alikuwa amesahau kabisa.

Mwisho wa mahubiri alisema wote waliopoteza kitu katika maji wasimame, mchungaji na mashemasi wapite kati yao wawawekee mikono.

Nikasimama.

Sijui nilitegemea nini. Watu walikuwa wanasimama kila upande, na mimi nikasimama mbele yao wote, mikono imelegea. Shemasi mmoja mwanamke, mtu mwema kabisa ambaye ameniletea supu kila nilipojifungua, akaja mbio kwa kunyata. Nikafikiri, huyu ameelewa. Akaniwekea mikononi kitenge kikubwa kilichokunjwa. "Mama pasteur, asante," alininong'oneza. "Simama upande ya bamama. Kama moja anaanguka, unamufunika."

Ndivyo ilivyo desturi yetu. Mke wa mchungaji akisimama, amesimama ili kusaidia. Matangani yeye hukaa kwenye mkeka na mfiwa, humshika mabega, huanzisha wimbo sauti za wengine zikikatika, hujua nani hajala. Machozi yake yanaruhusiwa, lakini yawe ya kimya, mashavuni tu, kwa sababu mama pasteur akipiga yowe watu watauliza kama tumaini lote limekwisha. Kwenye matanga ya mama yangu mwenyewe niliwaongoza shangazi zangu katika nyimbo. Kwa hiyo nilichukua kitenge. Nilifunika wanawake. Mama Mmoja hakuanguka, alisimama wima tu, na mume wangu alikaa kwake muda mrefu kuliko kwa wengine, mkono kwenye bega lake.

Shemasi yule nilimweleza baadaye, tukikunja vitenge, kwamba mimi pia nilikuwa nimesimama kwa ajili yangu. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. Kisha akasema kwa upole, "Unajua, mama, mganga hajigangi." Nilimjibu kwamba mganga si mimi, mganga ni mume wangu, na hakuna methali inayosema mganga asimgange mkewe. Akacheka sana. Alikwenda kuwasimulia wenzake jinsi mama pasteur anavyojua kutania.

Jumatano mchana mume wangu alikuwa anapokea watu. Nyuma ya kanisa kuna chumba kidogo anapobadilishia joho, hakina mlango, kina pazia. Nje, chini ya ukingo wa paa, kuna benchi. Ukifika unakaa mwisho wa benchi, na kila anapoingia mtu wote mnasogea. Hakuna anayeandika, hakuna anayeita. Benchi lenyewe ndilo utaratibu, na watu wanaliheshimu kuliko foleni ya benki. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kupeleka maji ya kunywa na kumwondoa mbuzi.

Jumatano iliyofuata sikupeleka maji. Nilivua aproni, nikafunga kitenge changu cha kawaida, nikazunguka kanisa kwa upande wa barabara kama watu wengine wote, nikaenda kukaa mwisho wa benchi.

Watu wakainuka wote. "Mama pasteur, ingia tu," alisema mzee mvuvi. "Weye hauna foleni."

"Hapana, papa. Niko mu foleni."

Wakacheka kidogo, wakakaa. Baada ya muda wakaona sinyanyuki. Mwanamke aliyefika baada yangu akaniuliza taratibu kama leo hakuna maji. Nikamwambia maji yako jikoni, mlango uko wazi. Hakwenda. Mwanamke kijana, ambaye zamu yake ilikuwa imefika, akaniwekea mtoto wake mapajani bila hata kuuliza, akaingia. Nikamshika mtoto. Ningemweka wapi? Alinikojolea.

Mume wangu alipofunua pazia kumtoa yule mama kijana, aliniona. Uso wake ukafunguka. "Ah, mama, vizuri umefika. Letea batu maji, joto ni mingi."

"Leo siko ku kazi," nikamwambia.

Benchi zima lilinigeukia. Hata mbuzi, naapa, alinyanyua kichwa. Mume wangu alinitazama, akatazama mtoto, akatazama watu waliokuwa wanatazama miguu yao. Mtu aliyefuata alikuwa amekwisha kusimama. Mume wangu akamkaribisha, pazia likashuka, nami nikamrudisha mtoto kwa mama yake.

Na nani alikuwa mbele yangu kwenye benchi, kama si Mama Mmoja? Zamu yake ilipofika aliingia akainama chini ya pazia, kwa sababu ni mrefu. Alikaa. Alikaa sana. Sauti zao zilikuwa zinatoka kama mchemko wa sufuria, husikii neno. Kisha nikamsikia mume wangu akicheka, kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia nyumbani tangu kabla ya maji. Nilishika ubao wa benchi. Nilitaka kuondoka, nilitaka kufunua lile pazia, nilitaka arudi mtu yeyote wa familia yangu aniambie, binti yangu, njoo hapa. Sikufanya lolote. Nilinyoosha tu kitenge changu kilicholowa.

Mama Mmoja alitoka. Alipita karibu nami hivi, akainamisha kichwa kunisalimu, kwa heshima, kama wanavyosalimu wote. Alinuka moshi wa samaki. Mama yangu pia alikuwa anakausha samaki. Kila nguo aliyoniachia ilinuka hivyo mpaka nilipozifua. Sikumpenda zaidi kwa sababu hiyo. Nilimwonea wivu hata kwa harufu yake.

Nyuma yangu walikuwa wamebaki wengi, kwa sababu wengine walikuwa wamefika baada yangu na kukaa kwa mpangilio. Niliinuka nikaingia.

Ndani mlikuwa na viti viwili vya plastiki vinavyotazamana na joho lake limetundikwa kwenye msumari. Alisimama mara moja. "Kuko nini? Mutoto anagonjwa?"

"Batoto bazima. Kaa."

"Mama, kuko batu inje."

"Najua. Nilikuwa nao. Kaa, uanze kama unaanzaka na bengine."

Alikaa. Kwa muda hakujua afanye nini na mikono yake. Aliniangalia kama vile tumetambulishwa jana. Kisha kitu cha ile semina kikamrudia, au kitu chake mwenyewe, sijui. Akaacha kutazama pazia, akanyamaza. Nami nikanyamaza. Tulikuwa hatujakaa kimya pamoja bila mtoto, bila sahani, bila simu, kwa muda ambao siwezi kuupima. Mwishowe aliuliza lile swali ambalo nilijua huwauliza wote, kwa sababu mji mzima unalijua.

"Maji ilibeba nini yako?"

"Mama," nilisema.

Nilimwona akikumbuka. Ilianzia kwenye mdomo. Ulifunguka, ukafunga, ukafunguka tena. Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. "Niliambia weye," alisema. "Ku mkokoteni. Niliambia weye eko kwa Bwana. Na mi nilisimama mbele ya batu..." Hakumaliza. Alianza kulia, mwanaume mzima, mabega yanapanda na kushuka, pua inatiririka, anasema nisamehe, nisamehe, akieleza jinsi alivyokuwa mchungaji wa watu wote, jinsi alivyochoka, jinsi anavyoogopa mvua yeye mwenyewe na hana wa kumwambia, jinsi kila Jumatano anavyomeza maji ya wengine mpaka anahisi atazama.

Nami mkono wangu ulikuwa umekwisha kunyanyuka. Ulikuwa umeshika ncha kavu ya kitenge, ukaenda kwenye uso wake kumfuta, kwa sababu ndiyo kazi uliyojifunza. Nilikuwa nimekwisha kusogeza kiti. Maneno yalikuwa tayari kinywani: basi papa, pole, si kitu, yamepita. Ningeyasema, angetulia, ningemletea maji, na ningerudi jikoni nikiwa nimemsindikiza mtu mwingine tena. Nilimwonea wivu hata kwa machozi yake, kwamba yametangulia yangu, kwenye kiti changu, katika zamu ambayo niliingojea kwa kukojolewa.

Nikaurudisha mkono.

"Papa ya batoto," nikamwambia, "hiyo yote nitaisikia. Nitaisikia nyumbani, mangaribi, na nitalia na weye. Lakini leo njo zamu yangu. Weka machozi pembeni kwanza."

Alininyanyulia macho, mekundu. Nilidhani atakasirika. Alijifuta kwa mkono wa shati, upande mmoja, kisha upande mwingine, akavuta kamasi, akaweka viganja juu ya magoti. Kichwa chake kikainama upande mmoja. Akangoja.

Nikaanza na siku ile mama alipokuwa bado mzima na kunifundisha kumpasua samaki mgongoni bila kuvunja nyongo. Nilikwenda polepole, sikuacha kitu, na nilipofika pa kulia nililia kwa sauti yangu yote, kama wanavyolia wanawake wa kwetu. Nje ya pazia nilisikia benchi likilia mbao, watu wakisogea, mtu akikohoa, mwingine akiuliza kama mama pasteur bado yuko ndani. Walikuwa wengi na jua lilikuwa linashuka.

Nikawaacha wangoje.